Mfarishi wa Viraka: Hati za Nguo za Gee's Bend

Mwanahistoria hupenda karatasi. Hupekua daftari za forodha, barua za mabalozi na hati za mashamba, na mahali pasipo na karatasi husema kuwa hapana habari. Desturi hii ina manufaa yake, maana karatasi ina tarehe na jina la mwandishi. Lakini imewaacha nje ya kitabu watu wengi mno. Wa kwanza wao ni mama wa nyumba maskini. Hakufundishwa kuandika, na kazi za mikono yake zilikwisha kwa kutumiwa: chakula kililiwa, nguo zilichakaa, watoto walikua wakatawanyika. Katika insha hii twataka kuutazama mfarishi wa viraka kuwa hati ya mama huyo, na kuuliza ndani yake yameandikwa nini. Mfano wetu ni kitongoji kimoja tu, Gee's Bend katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, kwa kuwa huko mifarishi mingi ilihifadhiwa na mama walioishona waliulizwa wangali hai. Sababu nyingine ya kukichagua itaonekana karibuni.

Neno mfarishi limo katika kamusi zetu tangu zamani, nalo lina asili ya Kiarabu, katika shina lenye maana ya kutandika. Ni tandiko au nguo nene ya kujifunika, tabaka mbili za kitambaa na pamba kati yake. Kiraka ni neno tulijualo zaidi, na kwa bahati mbaya twalijua kwa soni: mwenye kiraka gotini hukificha akiketi mbele ya wageni. Walakini tusisahau yaliyo yetu. Wazee wa pwani husimulia kuwa kanga, vazi la heshima, ilianza kwa kuunga. Katika karne ya 19 wanawake walinunua leso zilizouzwa kwa jora, wakakata sita kwa pande mbili za tatu tatu, wakazishona pamoja zikawa nguo moja pana. Viwanda vilipoanza kuchapa nguo nzima mshono ule ukaachwa, nasi tukasahau ya kuwa vazi letu lilitokana na vipande.

Sababu niliyoiahidi ni merikani. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na kwa miaka karibu 30 baadaye meli za Salem, bandari ya Massachusetts, zilileta Unguja nguo nzito ya pamba isiyotiwa rangi, ambayo watu waliiita kwa jina la nchi ilikotoka. Merikani ilikuwa vazi, ilikuwa sanda, ilikuwa na fedha pia: msafara wa bara haukuondoka pwani bila ya marobota yake, na kwa nguo hiyo zilinunuliwa pembe za ndovu, na binadamu vilevile. Ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa pamba ya majimbo ya kusini, na pamba hiyo ililimwa na watumwa. Basi mtumwa wa kusini mwa Marekani na mtu aliyeuzwa katika bara yetu walifungwa kwa uzi mmoja, wala hakuna kati yao aliyejua habari za mwenziwe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hata 1865, vilikatiza biashara hiyo, na nguo za Uingereza na za Bombay zikashika nafasi yake sokoni. Mwanafunzi wa historia ya Afrika ya Mashariki hujifunza habari za merikani kwa upande wa mnunuzi. Hapa twaugeukia upande wa mlimaji wa pamba, tumwulize yeye na watoto wake walijifunika nini.

Gee's Bend ni ulimi wa ardhi katika wilaya ya Wilcox, uliozungukwa na Mto Alabama pande tatu, hata mtu wa pale alikuwa kama mtu wa kisiwani. Jina limetokana na Joseph Gee, aliyefungua shamba la pamba hapo mwaka 1816. Mwaka 1845 shamba liliingia mikononi mwa jamaa yao, Mark Pettway, kwa kulipia deni, na mwaka uliofuata Pettway alihamia huko kutoka North Carolina pamoja na watumwa wapatao 100. Watumwa walikwenda safari ile kwa miguu. Utumwa ulipokwisha, wengi wao hawakuwa na pa kwenda. Wakabaki palepale wakawa wakulima wa kupanga, na jina la Pettway likabaki nao. Kwa hiyo msomaji atakutana na jina hilo mara nyingi katika kurasa hizi, na asidhani kuwa kila aitwaye hivyo ni ndugu wa damu wa mwenziwe.

Mkulima wa kupanga aliishi kwa mkopo. Wakati wa kupanda alichukua mbegu, mbolea na unga kwa mfanyabiashara, na baada ya mavuno pamba yake ikahesabiwa dhidi ya deni. Bei ikiwa nzuri alitoka na senti chache. Ikiwa mbaya, deni lilivuka mwaka. Mwaka 1919 ratili moja ya pamba iliuzwa Marekani kwa senti zipatazo 35, na mwaka 1932 ilikuwa chini ya senti 7. Katika mwaka huohuo wa 1932 mfanyabiashara aliyewakopesha watu wa Gee's Bend alifariki, na mjane wake akadai madeni yote kwa mara moja. Nyumbu walichukuliwa, na ng'ombe, na nguruwe, na kuku, na majembe, na magari ya kukokotwa, na hata mahindi yaliyowekwa akiba kwa miezi ya baridi. Wakazi waliuvuka mwaka ule kwa kuokota walichopata msituni na mtoni, na kwa unga wa msaada ulioletwa na Msalaba Mwekundu.

Nyumbani mlibaki kitu kimoja ambacho hapana mnunuzi angalikitaka, nacho ni nguo kuukuu.

Msomaji wa pwani huenda akastaajabu kusikia kwamba nchi ya pamba ina baridi. Kiangazi cha Alabama ni kikali kama cha kwetu, lakini katika usiku wa Desemba na Januari maji huweza kuganda nje. Nyumba za Gee's Bend zilijengwa kwa magogo na kukandikwa udongo, na upepo ulipita kati ya gogo na gogo. Arthur Rothstein, aliyetumwa na serikali mwaka 1937 kupiga picha za kitongoji hicho, alionyesha kuta za ndani zilizobandikwa kurasa za magazeti kutoka sakafuni hata juu. Magazeti yale hayakuwa ya kusomwa. Yalikuwa kuta. Na mfarishi nao ulikuwa ukuta kwa namna yake: ulitandikwa kitandani, ulitundikwa mahali penye ufa, ulikunjwa ukawa godoro la watoto sakafuni, maana vitanda vilikuwa vichache na watoto wengi. Mfarishi mmoja haukutosha kwa kitanda kimoja. Usiku wa baridi kali ilipandanishwa kadhaa, mtoto akalala chini ya uzito wake asiweze kugeuka. Kwa mama mwenye watoto wanane au kumi, hesabu ya mifarishi ilikuwa sawa na hesabu ya chakula: ingalipungua, mtoto angaliugua.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mwaka mzima mama alikusanya: suruali ya shambani iliyopasuka, gauni lililombana binti, gunia la unga au la mbolea lililokwisha kufuliwa mpaka maandishi yake yakafifia. Uso wa mfarishi aliushona peke yake, kwa saa za kuiba, baada ya shamba na jiko. Kwa upande wa chini alitumia magunia. Pamba ya ndani ilikuwa mabaki yaliyofagiwa sakafuni katika kinu cha kuchambulia. Ilisafishwa kwa vidole, ikapigwa kwa fimbo mpaka ikatandazika. Hapa sina budi kusimama kidogo. Mtu aliyelima pamba maisha yake yote aliifagia sakafuni ili amfunike mtoto wake, kwa kuwa ile iliyofungwa marobota haikuwa yake tena.

Tabaka zote tatu zilipokuwa tayari zilitandazwa juu ya kiunzi cha mbao, na hapo jirani waliitwa. Wanawake waliketi pande zote wakapitisha sindano juu na chini, bandi baada ya bandi, ili pamba isihame na kukusanyika pembeni. Waliimba nyimbo za kanisani, wakasali, na watoto wadogo wakacheza chini ya kiunzi kama chini ya hema. Mfarishi ulipokwisha walihamia nyumba ya pili. Msaada huu ulilipwa kwa msaada.

Sasa natuusome uso wa nguo. Mama wa Gee's Bend walikuwa na mitindo yenye majina. Mmoja waliuita Paa la Nyumba, nao ni miraba ndani ya miraba, kutoka kiraka kimoja cha katikati mpaka ukingoni. Mwingine, wa mistari mirefu iliyonyoka, waliuita kwa mzaha jina la msichana mvivu. Lakini mtindo haukumtawala mshonaji. Mguu wa suruali ya dangirizi, ukipasuliwa mshono, ni ukanda mrefu, mpana juu na mwembamba chini. Mama mwenye migongo ya suruali sita na mashati mawili hana uhuru wa kuchagua vipimo. Vipimo vimekwisha kuchaguliwa na mwili wa mvaaji. Alilokuwa nalo ni uamuzi: ukanda upi ukae karibu na upi, kipande chekundu kilichobaki katika gauni kiwekwe wapi ili kionekane, upungufu wa kitambaa ufichwe au uachwe dhahiri. Katika mifarishi mingi ya suruali waweza kuona mraba wa buluu nzito katikati ya buluu iliyopauka. Hapo palikuwa na mfuko. Jua lilipausha nguo yote isipokuwa pale mfuko ulipoficha. Gotini nguo imekuwa nyeupe kwa kupiga magoti kati ya mistari ya pamba. Hakuna daftari la shamba linaloeleza kazi ya mtu kwa uaminifu namna hiyo.

Kwa hiyo sikubaliani na makundi mawili. Kundi la kwanza husema kuwa kazi hizi ni umaskini mtupu, na kwamba uzuri wake ni wa nasibu. Hilo latenguliwa na mifarishi yenyewe: nyumba mbili zenye matambara ya namna moja zilitoa nguo mbili tofauti kabisa, na kila mama alijulikana kwa mkono wake. Kundi la pili, ambalo siku hizi lina nguvu zaidi, husema kuwa ni sanaa tupu, na humtoa mtoto chini ya mfarishi ili uso wake utazamwe vizuri. Nadhani kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza, kwa kuwa lina adabu, na kosa lenye adabu halipingwi upesi.

Mfarishi mmoja wastahili kutajwa peke yake. Missouri Pettway alifiwa na mumewe, na mwaka 1942 alichukua nguo zake za kazi zote, suruali na mashati, akazishona mfarishi. Arlonzia, binti yake, alimsaidia kuzichana, na katika uzee wake alieleza nia ya mama: kumkumbuka marehemu, na kujifunika kwa mapenzi yake. Nguo ni ya buluu, kijivu na nyeupe iliyochujuka, na mahali hapa na pale pana wekundu. Watu husema kuwa maskini hana nafasi ya kuhuzunika. Missouri aliihuzunikia maiti yake kwa sindano, na huzuni yake ikawatia watoto joto. Mambo mawili yalitimizwa na kitambaa kimoja, nami sioni namna ya kuyatenganisha.

Asili ya mitindo hii imeleta mabishano. Wako wataalamu waliosema kuwa mistari mirefu na rangi za kupingana ni urithi wa nguo za Afrika ya Magharibi na Kongo. Yawezekana, lakini ushahidi wa macho ni ushahidi dhaifu. Huko Karnataka, kusini-magharibi mwa India, wanaishi Wasidi, watu wa asili ya Kiafrika ambao wazee wao walivushwa Bahari ya Hindi. Wanawake wao hushona mifarishi ya viraka, iitwayo kawandi, kwa kuanza ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, na pembeni huweka vipande vilivyokunjwa ambavyo huviita maua; pasipo maua hayo mfarishi kwao ni kama uko uchi. Kawandi nyingi hushonewa watoto. Mtu akiweka kawandi karibu na mfarishi wa Alabama atadhani zimetoka nyumba moja, ingawa zilisafiri bahari mbili mbalimbali. Pengine Afrika ndiyo iliyoziunganisha. Pengine ni nguo kuukuu na watoto wengi. Mimi nachelea kusema zaidi.

Lakini kuna hadithi moja ambayo sicheleli kuikataa. Mwaka 1999 kilitokea kitabu kilichodai kuwa kabla ya mwaka 1865 mifarishi ilitundikwa nje kuwa ishara za siri kwa watumwa watoro, mtindo mmoja ukimwambia jiandae, mwingine kimbia. Hadithi ilipendeza, ikaingia shuleni na katika vitabu vya watoto. Ilisimama juu ya masimulizi ya familia moja. Wanahistoria waliotafuta uthibitisho katika habari zilizoachwa na watoro wenyewe hawakuuona, na baadhi ya mitindo iliyotajwa haijulikani kuwako kabla ya karne ya 20. Siikatai kwa ukavu wa moyo. Naikataa kwa sababu huonyesha kuwa kumfunika mtoto asife kwa baridi si jambo kubwa la kutosha, mpaka litiwe siri ndipo liwe historia.

Siasa iliingia katika mifarishi hii kwa mlango mwingine, ulio wazi kabisa. Ng'ambo ya mto wa Gee's Bend uko mji wa Camden, makao makuu ya wilaya, ambako watu weusi walikwenda kudai kuandikishwa kupiga kura. Mwaka 1962 huduma ya feri ilikatwa, na safari fupi ya mtoni ikawa mzunguko wa maili zipatazo 40 kwa barabara. Februari 1965 Martin Luther King alihutubia kitongojini, usiku, katika mvua. Walioandikishwa walifukuzwa kazini na katika nyumba za kupanga. Mwishoni mwa mwaka ule kasisi mmoja wa Kiepiskopali, Francis X. Walter, aliona mifarishi juu ya kamba ya kuanikia. Akafikiri kuwa ingeweza kuuzwa New York kwa faida ya wenyewe. Machi 1966 ushirika ulizaliwa, ukaitwa Freedom Quilting Bee, na Estelle Witherspoon akawa meneja wake. Ushirika ulinunua ekari 23, na sehemu yake ikauzwa kwa familia zilizofukuzwa.

Soko lilikuja na masharti yake. Mnunuzi wa duka kubwa alitaka vipande mia vinavyofanana, mishono sawa, pembe sawa, na wanawake waliozoea kuamua kwa jicho wakapewa vielelezo vya kukatia. Mwaka 1972 ushirika ulipata mkataba wa kushonea kampuni ya Sears foronya za korduroi. Ilikuwa kazi ya kurudia-rudia, lakini ilileta mshahara, na kwa wengi ulikuwa wa kwanza maishani. Nani athubutu kuidharau? Mabaki ya korduroi yalichukuliwa nyumbani kwa mafungu, nayo ni nguo nzito isiyokubali kona ndogo. Basi katika miaka ile mifarishi ya nyumbani ikawa ya vipande vikubwa, rangi ya dhahabu, kahawia na nyekundu ya kukoza. Kiwanda kilidai usawa mchana, na takataka zake usiku zikashonwa bila ya usawa. Naona mifarishi hiyo ya korduroi kuwa mizuri kuliko yote.

Habari za majumba ya makumbusho zinajulikana, nitazipita upesi. Mwaka 1998 mkusanyaji William Arnett, aliyeona picha ya mfarishi mmoja kitabuni, alimtafuta aliyeushona, Annie Mae Young. Bibi huyo alikuwa amechoma mifarishi michache wiki iliyotangulia, kwa kuwa moshi wa pamba hufukuza mbu, naye alidhani ule wa pichani umekwenda pamoja nayo. Kesho yake aliupata baada ya kutafuta makabatini na chini ya vitanda. Akataka kumpa mgeni bure. Mkusanyaji alisisitiza kulipa. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilitundikwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Houston, kisha katika makumbusho ya Whitney, New York, ikasifiwa sana. Sura zake zikachapwa juu ya bidhaa nyingi. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji, Annie Mae Young akiwa mmoja wao, walikwenda mahakamani wakidai haki yao katika mali hiyo. Wakusanyaji walikana madai, na mwaka 2008 kesi zilimalizwa pasipo hukumu. Ushirika wa Freedom Quilting Bee ulifungwa mwaka 2012.

Swali la kesi zile halikumalizika pamoja nazo. Mama anayeshona kwa ajili ya mtoto haweki bei, maana mtoto halipi; na kitu kisichowekwa bei na mwenyewe huwekewa na mgeni. Mwaka 2021 baadhi ya washonaji wa Gee's Bend walifungua maduka yao katika intaneti, wakaanza kutaja bei wenyewe.

Agosti 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu zenye sura za mifarishi kumi ya Gee's Bend, zikaenda juu ya barua kila upande wa dunia. Mwezi uliofuata, baada ya miaka 44, feri ilianza tena kuvuka mto kwenda Camden.